Tulisoma Kiingereza kwa zamu, nyumba nzima tukiitika jina la baba

Wakuu, habari za humu ndani.

Wa rika langu nawasalimu. Wa rika la wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma, msijisumbue.

Mimi ni nesi mstaafu, mama wa Kifipa. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imekosewa mjue ni kidole, akili bado ipo.

Juzi nilisoma humu uzi wa kijana mmoja analalamika kwamba wazungu wa kujitolea walifika kijijini kwao kufundisha Kiingereza, mradi ukafa, eti kwa sababu "watu wetu hawapendi kusoma". Nilikasirika. Nikaweka simu chini, nikaenda kupalilia bustani yangu, nikarudi bado nimekasirika.

Basi leo nawapa ya kwangu. Ni ya kweli, nilikuwepo kwa miguu yangu. Chumvi sijaongeza, na nilipopasahau nitasema nimepasahau.

Twende.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, nina miaka kumi na nane. Kijiji chetu kipo huku juu Ufipa, upande wa Kaengesa. Miaka kama mitano nyuma tulikuwa tumetolewa kwenye makazi ya zamani, kila mtu na kilima chake, tukapangwa kwa mistari kandokando ya barabara.

Kwa nyie mliozaliwa juzi: kila nyumba ilikuwa na shamba lake, halafu kulikuwa na shamba la kijiji. Shamba la kijiji lilikuwa na sheria moja tu. Kila nyumba ilete jembe moja.

Haikusemwa jembe la nani. Leo akienda baba, kesho anakwenda mama, keshokutwa kaka. Karani anaita jina la mwenye nyumba, yeyote aliyekuja anaitika, anawekewa alama. Nyumba imefika, yamekwisha.

Lishikeni hilo, maana ndilo lililoleta mambo yote.

Baba yangu aliitwa Gaudensi. Kwa hiyo mimi, Skolastika, binti wa watu, tangu nina miaka kumi na mitatu nilikuwa naitwa "Gaudensi!" mbele ya kijiji kizima na naitika bila kupepesa macho. Hakuna aliyecheka. Hata wao walikuwa wanaitika majina ya baba zao.

Nyumbani tulikuwa watano wa kushika jembe: baba, mama, kaka yangu Dismas, mimi, na shangazi Oresta. Shangazi alikuwa dada yake baba, mjane, mwenye mdomo ambao hata mbwa wa jirani walikuwa wanauheshimu.

Sasa shida yangu ilikuwa hii.

Hospitali ya misheni ilikuwa inachukua mabinti wa kuwafundisha uuguzi. Darasa la saba nilikuwa nimemaliza. Ila Sister aliyekuwa akisimamia alitaka mtu anayesoma Kiingereza na kukielewa, kwa sababu dawa zote zilikuwa zinakuja na maandishi ya Kiingereza. Changu cha shuleni kilikuwa cha kuimba. Ukinikatiza katikati, ilikuwa lazima nianze upya.

Sister aliniambia, "Rudi baada ya mavuno. Uje na barua ya darasa lolote, yenye mhuri, kwamba umesoma, halafu nitakupima mwenyewe. Kundi hili likijaa, hatuchukui tena mpaka tujenge mabweni mengine."

Mabweni yenyewe hata msingi haujachimbwa. Nikajua nikikosa mwaka ule, nimekosa moja kwa moja. Na mimi nilikuwa naitaka ile kazi kuliko kitu chochote duniani. Mdogo wangu alikufa kwa homa nikiwa nimemshika, na chupa ya dawa ilikuwa palepale dirishani, hakuna mtu nyumbani aliyejua imeandikwa nini. Niliapa siku ile. Sitarefusha hapo.

Ndipo wakaja Joan na Martin.

Walikuwa mke na mume, vijana, wazungu wa kujitolea. Walifika juu ya lori la Mzee Seif, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini aliyekuwa akituletea chumvi na sabuni na kununua ulezi. Walikaa juu ya magunia ya chumvi, vumbi mpaka kwenye kope, wamekumbatia masanduku mawili ya vitabu na chaki.

Mkutano ukaitwa. Martin akasema wataanzisha darasa la Kiingereza la watu wazima kwenye ghala la kijiji, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana. Akamwomba mwenyekiti wetu, Mzee Kristofa, amwandalie orodha ya wanafunzi.

Mzee Kristofa akaingia ofisini, akatoka na orodha papo hapo. Martin alishangaa kuona kazi imefanyika haraka hivyo.

Nyie mmeshaelewa. Ilikuwa orodha ya shamba. Majina arobaini ya wenye nyumba.

Na sisi wanakijiji tulielewa kama tulivyozoea. Jambo la kijiji, orodha ileile, maana yake kila nyumba ilete mtu mmoja.

Jumatatu ya kwanza akaenda baba. Akarudi na daftari na penseli. Akavua kofia, akakaa, akasema, "Wamefundisha kusalimia. Nimepewa daftari la nyumba. Jumatano nani?"

Jumatano akaenda mama. Martin akaita, "Gaudensi!" Mama akasimama na kitenge chake, akajibu, "Present!" Martin akamtazama, akatazama karatasi, akaweka alama.

Ijumaa Dismas. Jumatatu shangazi.

Naona mmoja ameshaandika hapo chini "bibi fupisha". Sifupishi. Kama una haraka, kuna nyuzi za mpira.

Mimi nikapiga hesabu. Zamu yangu ilikuwa inafika mara moja katika karibu wiki mbili. Mpaka mavuno ningekaa darasani mara chache za kuhesabika kwa vidole. Ningeishia kwenye "This is a cup", na kwa Sister hakuna anayepewa kazi kwa kukijua kikombe.

Nikamwendea baba. "Baba, naomba zamu zote ziwe zangu."

Kabla hajajibu, shangazi akadakia. "Yaani wewe ukae kwenye benchi, sisi viuno vikatike kwenye matuta? Hicho Kiingereza umezaliwa nacho peke yako?"

Ilikuwa msimu wa matuta. Sisi Wafipa, mvua zikiwa bado zinanyesha na nyasi zimekuwa ndefu, tunazifyeka na kuzifukia kwenye matuta ya duara, makubwa kiasi cha mtu mzima kukaa juu. Nyasi zinaoza ndani, msimu unaofuata unapanda juu ya mbolea. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo darasani pale, kwa watu wa nyumbani, palikuwa mahali pa kupumzika. Masomo waliyaona kama nyongeza tu.

Baba akasema, "Zamu ni zamu."

Nikasema sawa. Nikaondoka. Nikarudi baada ya kama dakika kumi, maana nilikuwa nimepata wazo.

"Nitazinunua kwa matuta. Anayenipa zamu yake, nitamlimia matuta kumi."

Dismas alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama alinipa ya kwake bure, lakini nilimlimia hivyo hivyo, sikutaka mtu aje aseme. Shangazi alitaka kumi na tano. "Mimi ni mjane," akasema, "mgongo wangu hauna msaidizi." Nikampa kumi na tano.

Baba hakuuza. Mwenye nyumba hawezi kuuza zamu yake. Tukakubaliana Ijumaa zote ziwe zake, apumzikie hapo, nyingine ziwe zangu.

Wakuu, nililima. Nilikuwa natoka alfajiri, umande ni wa baridi kiasi kwamba miguu inakufa ganzi mpaka magotini. Ufipa ina baridi, anayebisha aje mwezi wa saba alale bila blanketi. Nalima yangu, nalima ya Dismas, nalima ya shangazi ambaye anakuja kuyapima kwa macho na kusema hili dogo, ongeza. Saa nane nipo kwenye benchi, viganja vina malengelenge, penseli inateleza.

Siku nyingine nilikuwa nalia njiani kwenda darasani kwa uchovu. Nikifika mlangoni nafuta uso, naitika "Present".

Shida ikabaki Ijumaa. Baba alikuwa anarudi ameambulia patupu. "Wamesema maneno mengi," ndiyo taarifa yake yote. Na Jumatatu Joan anaendelea pale Ijumaa ilipoishia, mimi natoa macho.

Nikamwambia, "Baba, niletee maneno matano tu. Kila neno kidole kimoja. Usifungue mkono mpaka ufike nyumbani."

Baba alikuwa mtu wa neno lake. Ijumaa iliyofuata akatoka ghalani amefumba ngumi, anatembea wima, midomo inacheza. Watu wanamsalimia, hajibu.

Asiyetujua hawezi kuelewa uzito wake. Ufipa mtu hapitwi hivi hivi. Unasimama, unatua mzigo, unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari ya wa nyumbani mpaka ya ng'ombe. Mzee kupita barabara nzima bila kuitikia salamu hata moja, ni lazima pana msiba.

Alifika, akanifungulia vidole kimoja kimoja, maneno matano yote yapo. Tukiwa bado tunashangilia, majirani wakaanza kuingia uani na nyuso za huzuni kutuuliza nani amefariki.

Mama aliwapa togwa, wakaambiwa ukweli. Wiki iliyofuata wazee wengine watatu walionekana wanatoka darasani wamefumba ngumi. Kumbe kila nyumba ilikuwa na shida yetu ileile, anayekwenda leo lazima amkabidhi anayekwenda kesho, vinginevyo wa kesho anaaibika. Ikawa Ijumaa jioni kijiji hakisalimiani, na hakuna aliyekasirika.

Baba akaanza kunikabidhi somo kama tunavyokabidhiana jembe, kwa mikono miwili. Na mimi nikawa namkabidhi yeye, shangazi anasikiliza huku anapepeta, anajifanya hasikii.

Sasa sikieni kilichofuata.

Mahindi yalipokuwa yanakauka, Martin alisimama mbele ya darasa akiwa na furaha mpaka masikio mekundu. Akasema kwa Kiswahili chake, "Daftari la mahudhurio limejaa. Hakuna aliyekosa hata siku moja. Hata siku ya mvua kubwa! Nimewaandikia wakubwa wetu. Mgeni atakuja baada ya mavuno, na kila mmoja wenu atapewa barua yenye jina lake."

Akaanza kusoma majina. Anselmo. Benedikto. Gaudensi.

Nikabaki nimekaa. Ile barua niliyolimia matuta msimu mzima ilikuwa inakwenda kwa baba yangu.

Skolastika hakuwepo darasani. Kwenye karatasi sikuwahi kukanyaga mle.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba waliyopewa, nikamkuta Joan anahangaika na kuni mbichi. Nikamsaidia kuwasha kwanza, maana moshi ulikuwa unamliza, halafu nikasema.

"Mwalimu Joan, mimi siitwi Gaudensi."

Akakaa juu ya ndoo. "Gaudensi ni nani?"

"Ni baba yangu. Anakuja Ijumaa."

"Na yule mama wa wiki ya kwanza?"

"Gaudensi pia. Ni mama yangu. Na kaka yangu, na shangazi."

Akafunika uso kwa mikono. Nikadhani analia, kumbe hata mwenyewe hajui analia au anacheka. "Wiki ya pili niliona sura zinabadilika," akasema. "Niliogopa kuuliza. Tuliambiwa watu wa huku wana adabu sana, ukimwaibisha mtu harudi tena."

"Na sisi tuliona ndivyo mlivyotaka, mwalimu. Mlitoa daftari moja kila nyumba. Kumuuliza mgeni mbona umetoa moja, si adabu."

Tulitazamana. Wiki zote zile, watu wenye adabu pande mbili, kila mmoja anamficha mwenzake aibu ambayo haikuwepo.

Martin hakucheka. Alipoambiwa alisema amewaandikia wakubwa zake uongo, kwa hiyo atawaandikia tena, mgeni asije, na barua zisitolewe kwa mtu yeyote. Alikuwa mtu mwadilifu, simlaumu. Lakini wakati ule nilitamani nimtie kwenye gunia.

Mzee Kristofa akaitwa. Nikamsalimia, akaitikia, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu Martin," akasema, "uliniomba orodha, nikakupa. Hebu fungua daftari lako. Ipo siku nyumba yoyote haikufika?"

Martin akafungua, akafunika. "Hapana."

"Basi nani amedanganya hapa?"

Martin akasema tatizo ni kwamba hajui nani amejifunza nini.

Mimi nilikuwa mtoto mbele yao, sikutakiwa kusema. Nikasema. "Mwalimu, nyumba arobaini zimesoma. Ukimzuia mgeni, hapo ndipo utakuwa umedanganya. Mwache aje atuulize. Na mimi niulizeni chochote, hata sasa."

Joan akaniuliza kwa Kiingereza nimefikaje kwao, nimefuata nini, nataka kuwa nani. Nikajibu yote bila kuimba. Martin akasema sawa, mgeni aje.

Siku ya mgeni, Mzee Kristofa alitangaza wanafunzi wote wahudhurie. Wote. Ghala halikutosha, tukatoka nje. Mgeni alikuwa mzee wa Kizungu mwenye kofia ya kitambaa. Alitarajia watu arobaini, akaukuta umati kama wa sikukuu.

Akafungua daftari. "Anselmo!"

Watu sita wakasimama. "Present!"

Akashusha miwani. Akadhani hajasikia vizuri. "Benedikto!" Wakasimama wanne, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Gaudensi!" Tukasimama watano. Shangazi Oresta ndiye aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mgeni akamgeukia Martin. Martin alikuwa mwekundu kama udongo wa barabarani. Joan akaanza kueleza, yule mzee akamnyamazisha kwa mkono, akamnyooshea baba kidole, akamuuliza kwa Kiingereza: nani kati yenu ndiye Gaudensi?

Baba? Mtu wa maneno matano?

Baba akavua kofia. Akafumba ngumi yake ya Ijumaa, nikaiona. Akasema, "I am Gaudensi Friday."

Akamwonyesha mama. "She is Gaudensi Wednesday. First week." Akamwonyesha Dismas. Akamwonyesha shangazi. Halafu akaninyooshea mimi mkono mzima, akasema, "She is Gaudensi Monday. Gaudensi Wednesday. Monday. Wednesday. Rain, Monday. Rain, Wednesday."

Halafu yule mzee akaanza kucheka, akavua miwani akafuta macho, na kijiji kizima kikacheka naye. Akatusomesha mmoja mmoja kutoka kitabuni. Shangazi alipopewa zamu alisoma ukurasa, akageuza wa pili, wa tatu, mpaka akaombwa akae. Zamu zake aliniuzia mimi zote, sasa amejifunzia wapi? Kwenye ungo, anapepeta.

Barua zikatolewa. Zilikuwa arobaini, zimeshapigwa mhuri huko zilikotoka, za ziada hakuna, Joan na Martin hawana mhuri wao, na mgeni alikuwa anaondoka na lori siku hiyohiyo. Chini ya kila jina akaongeza kwa kalamu: "na watu wa nyumba yake".

Kwa hiyo wakuu, nyumba yetu ilikuwa na barua moja. Na kesho yake asubuhi, tunapukuchua mahindi uani, Dismas akasema anaihitaji.

Mzee Seif alikuwa anatafuta mtu wa kufuatana na lori lake mpaka Laela na Tunduma, anayeweza kusoma karatasi za mizigo za Kiingereza. Dismas alikuwa na miaka ishirini na mbili na aliota magari tangu hajaota ndevu. Haki yake ilikuwepo, na yeye aliitika "Gaudensi" kabla yangu.

Kumnyima kaka yangu sikuweza, na kumwachia sikuweza pia. Nilisema waziwazi, "Dismas, siiachi."

Baba hakutoa hukumu. Akaniambia niende ndani nikalete daftari. Akampa Dismas, akamwambia, "Wewe hesabu. Sisi tunapukuchua."

Dismas akaanza kufungua. Daftari lilikuwa na miandiko mitano. Wa baba mkubwa, unapanda mlima. Wa mama mistari miwili tu. Na wangu, ukurasa baada ya ukurasa, mahali pengine penseli imechafuka kwa majimaji ya malengelenge. Alipofika kwenye hizo kurasa akapunguza mwendo. Aliyajua yale malengelenge, yalitokana na matuta yake.

Akafunga daftari.

"Kurasa zangu ni mbili," akasema. "Na moja nimechora ng'ombe."

Shangazi akasema, "Tena ng'ombe mwenyewe amekosa mkia."

Dismas akacheka, akainuka, akaniwekea daftari mapajani. "Mzee Seif nitamfuata bila barua. Akikataa nisome karatasi, nitabeba magunia." Na alibeba magunia miaka miwili, akawa utingo, akaja kuliendesha lori lilelile mpaka lilipokufa. Kaka yangu huyo, Mungu amrehemu. Hakunikumbushia siku ile hata mara moja.

Nilikwenda misheni nikiwa na baba, kwa miguu. Sister akasoma barua, akainua macho. "Gaudensi ni wewe?"

Nikamwambia, "Ni nyumba yetu, Sister. Mimi ndiye niliyeletwa."

Hakuuliza zaidi. Akachukua chupa kabatini, akaniwekea mezani, maandishi yakinitazama. Nikayasoma. Akasema nieleze kwa Kiswahili, anayepewa ni nani, kiasi gani, mara ngapi. Nikaeleza mpaka tone la mwisho. Nilikuwa namwona mdogo wangu na lile dirisha.

"Jumatatu uje," akasema. "Uje na blanketi."

Baba nje alikuwa amefumba ngumi zote mbili. Nilipomwambia nimepata, akazifungua.

Nimefanya kazi hiyo mpaka nimestaafu. Joan na Martin walimaliza muda wao wakaondoka. Darasa halikufa. Tuliligawana, anayejua anamkabidhi asiyejua, orodha ni ileile ya nyumba.

Miaka mingi baadaye baba alizeeka, miguu ikawa haimbebi. Nikampeleka kliniki nilikokuwa nafanya kazi, hapa mjini. Mimi sikuwa zamu, nimevaa nguo za kawaida, tumekaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nesi kijana akatoka na faili, akaita, "Gaudensi!"

Nikaruka juu. "Present!"

Watu wote wakanigeukia. Yule nesi, niliyemfundisha mwenyewe kazi, akabaki mdomo wazi.

Baba akanivuta kitenge, taratibu. Akashika mkongojo, akajiinua kidogo kidogo mpaka akasimama wima. Akaniambia, "Kaa chini. Today is Friday."

Na kweli ilikuwa Ijumaa.

Akaingia mwenyewe.

Kijana uliyeandika kwamba watu wetu hawapendi kusoma, nakujibu kwa upendo: kabla hujasema hawakuja, uliza waliitwaje, na uliza nyumbani kwao jambo linakabidhiwaje. Na nyie mnaopeleka miradi kwa watu, muwe na adabu, lakini adabu isiwazuie kuuliza swali la wiki ya pili. Na wewe binti mwenye zamu chache kuliko wenzako, shika jembe, zinunue.

Barua ninayo mpaka leo. Jina langu halimo, na sijawahi kuona kwamba limekosekana.

Haya, uwanja ni wenu. Waliosoma madarasa ya watu wazima miaka ile, tupeni ya kwenu. Wenye kubisha, bisheni kwa adabu. Na kama mnasoma hapo nyumba nzima kwa simu moja, mmoja tu aandike, mimi nitawahesabu wote.